Siti ya Nyuma Bado Ina Nailoni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia kwenye duka la pikipiki pale Mbeya mjini, nimevaa suti yangu ya harusi na kandambili. Naanza na kandambili kwa sababu mtu wa mlangoni alizitazama, akanyamaza, na mimi sipendi mtu anitazame miguu halafu anyamaze.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Ni mwalimu wa Jiografia hapa Tukuyu, nalala fofofo, nikiamka nanawa uso nakwenda kazini. Lakini mke wangu, Tusajigwe, ni muuguzi, na masika ya mwaka juzi alihamishiwa Dodoma. Niliomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Maombi hayo yapo huko yanakozunguka.

Alhamisi iliyopita tuliongea kwenye simu. Nikamuuliza hali, akasema, "Nimeshazoea, Baba Lusajo." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua imekatika. Tangu hapo sijala nikashiba, maana mtu akishazoea kuishi bila wewe, utarudi kwake kama nani?

Basi niko dukani. Pikipiki iko katikati ya ukumbi, imefunikwa shuka, na imefungwa kamba kwenye jiwe la kusagia kama mbuzi wa sikukuu.

Muuzaji ni mama mmoja mnene, mwenye futi ya fundi cherehani shingoni.

"Mbona mmeifunga?" nikamuuliza.

"Ni nyepesi. Tusipoifunga inaondoka."

"Inaondoka kwenda wapi?"

"Mwalimu, wewe ungekuwa mwepesi ungekuwa bado uko hapa?"

Nikaona ni utovu wa adabu. Nikamwambia afunue shuka. Akaninyooshea kidole. "Sikiliza kwanza. Kuiona kwa mara ya kwanza kupo kumoja tu. Ukishakutumia, hatuna kwingine stoo."

Nikafikiri. Nikamuuliza kama inawezekana nikatumia nusu tu, nusu nyingine nimwekee mke wangu.

"Yuko wapi?"

"Dodoma."

Akanipima mabega kwa ile futi, sijui kwa nini, akasema inawezekana. Nifumbe jicho moja. Nitakachokiona ni nusu ya mbele, ya nyuma itabaki kama ilivyo. Nikafumba jicho la kushoto, na shuka likaondolewa.

Jamani. Nimeona pikipiki nyingi maishani, nyingi zikiwa zimebeba magunia ya mkaa, viazi, au familia nzima na kuku wao. Hii si ya kazi hizo. Ni zile ndefu za kutembelea ambazo vijana wanaziita kruza, ila ya siku hizi, nyembamba, haina mafuta ya ziada mwilini. Tangi lake limelala kama embe juu ya sahani, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Taa ya mbele ni duara, ya mtindo wa zamani, lakini ndani yake kuna uzi mweupe wa mwanga wa kisasa. Usukani ni mpana na unakujia wenyewe mpaka mapajani, hulazimiki kuinama kuufuata. Siti ya dereva iko chini, imebonyea. Mtu mzima angeweza kuendesha kwa heshima zote, amekaa kama yuko barazani kwake.

Niliitamani. Nina mvi mpaka kwenye nyusi, na niliitamani kama mvulana.

"Unanitamani," pikipiki ikasema. Ilikuwa na sauti nzito ya taratibu, ya mtu aliyetoka kunywa uji.

"Nimeona nusu tu," nikajitetea.

"Wengi wametamani kwa robo."

Nikamgeukia mama muuzaji, maana sikutaka kubishana na bidhaa. Nikamuuliza kama ni nyepesi hivyo, uzito wake uko wapi. Akanionyesha gunia kwenye kona. Akasema wameutoa kiwandani, siku hizi mnunuzi anakuja na uzito wake. Akanisimamisha kwenye mzani wa viazi.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu. Nina mke yuko mbali, basi."

Akainama kusoma mzani, akafuta miwani, akasoma tena. "Unatosha. Tena unazidi." Akafungua kamba, akanivisha helmeti yenye kioo, akaniachia.

Nikaketi. Hapo kukawa na tatizo dogo. Sharti la pikipiki ya siti ya chini ni kwamba miguu ya dereva ifike chini yote miwili, na mimi ni mfupi, sijawahi kulificha hilo. Kandambili zangu zikawa zinaelea. Mama muuzaji akapiga makofi mara moja, na sakafu ya duka ikapanda polepole mpaka ikanigusa nyayo. Watu wa ofisi iliyo chini ya duka wakapaza sauti kushukuru kwa kuongezewa dari.

"Ndaga, mama," nikamshukuru. Nikapiga stata.

Injini ikakohoa kistaarabu, ikatulia, ikawa inaguna chini kwa chini. Nikavuta mafuta.

"Taratibu," pikipiki ikasema. "Mimi ni mpya. Bado sijazoea."

Neno lile tena. Nikaachia mafuta. Nikaiuliza kuzoea kwake kukoje.

"Injini mpya haikimbizwi. Vyuma vyangu bado vinasikiana, kila kimoja kinamuuma mwenzake. Ukienda nami polepole, vitalainika. Nikishazoea sitasikia tena kitu. Nitakuwa nafanya kazi tu."

"Hutasikia kitu kabisa?"

"Aliyezoea anasikia nini?"

Nilitaka kushuka. Nikaiambia, kwa ile sauti ninayoitumia kwa Kidato cha Pili, kwamba ninaiagiza isizoee. Ikanijibu kwamba hilo si agizo la kumpa mashine, labda mtu. Tukatoka dukani tumenuniana.

Mlango wa duka unatokea sebuleni kwangu.

Makochi yapo pale pale, yamevaa nailoni zake. Tuliyanunua wiki ile ile Tusajigwe alipoambiwa ahame, na yeye ndiye aliyesema yasifunguliwe mpaka arudi tukae wote wawili. Nilikubali, kwani mtu gani mwenye akili timamu anafungua nailoni ya kochi jipya? Jirani yangu ana friji lenye nailoni tangu watoto wake wako chekechea, sasa wanaota ndevu. Mgeni akikaa kwangu, kochi linapiga kelele. Akisimama, linamfuata.

Napita polepole katikati ya meza na kabati. Kochi kubwa linaniita.

"Mwalimu, tunapumulia wapi?"

"Vumilieni."

"Sisi bado ni wapya?"

"Wapya kabisa."

"Upya gani huu wa kutokwa jasho? Mtu akitukalia hatumjui ni nani. Tunajua nailoni tu."

"Mama mwenye nyumba akirudi mtafunguliwa."

"Na kama ameshazoea huko?" likauliza dogo, lile la mtu mmoja. Siku zote lilikuwa na mdomo.

Nikaliambia sina muda wa maneno, nakwenda Dodoma. Sikuwa najua kwamba nakwenda Dodoma mpaka niliposikia nimesema. Pikipiki haikuuliza. Iliwasha indiketa ya kulia, ikapita ukutani mahali palipotundikwa picha yetu ya harusi, na tukawa nje kwenye mashamba ya chai.

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu ile pikipiki, hata kama tulikuwa tumenuniana. Ni tamu. Kona za Tukuyu mnazijua, ziko kama utumbo, lakini hii ukiitazamisha mahali inakwenda mahali. Hailazimishwi. Miguu yangu iko mbele, mgongo umenyooka, suti inapepea, na ukungu unanipisha. Nikasikia raha, halafu papo hapo nikasikia uchungu, kwa sababu raha ile haikuwa na wa kumwambia. Nilishafungua mdomo kusema "Unaona?" nikaufunga.

Baada ya kona moja, barabara inaisha na ramani inaanza. Ni ile ya ukutani, ya darasani kwangu, yenye doa la wino juu ya Ziwa Rukwa. Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba ramani hufupisha mahali. Sasa inafupisha. Makambako ni nukta, nairuka. Iringa ina harufu ya gundi. Kutoka kwangu mpaka kwake ni kidole kimoja na nusu, na nimekaa mwaka na zaidi nikisema ni mbali.

Dodoma napokewa na vumbi na jua. Nyumba za wauguzi zimepangwa mstari mmoja. Na mbele ya moja yuko Tusajigwe, anaanika gauni lake jeupe la kazini kwenye kamba. Amekonda kidogo mashavuni. Amesuka nywele kwa mtindo nisioujua.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu kwenye mashamba ya chai, yote yakapotea.

"Mama Lusajo."

Akageuka. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Na suti yote hiyo, umekuja na kandambili?"

"Nimekuja kukuchukua."

Alipangusa mikono kwenye kanga, akaja taratibu. Nikamwambia nimemwekea nusu ya mara ya kwanza, ya upande wa nyuma, mimi sijaigusa. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani ambacho kwenye simu huwa hakifiki. Akafumba jicho la kulia, akaitazama na la kushoto. Aliitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama mbele kwa uaminifu, kama nilivyokubaliana na muuzaji.

"Ina siti ya nyuma," akasema.

"Sikujua."

"Nzuri. Pana. Lakini ina nailoni."

"Bado ni mpya," nikasema kwa fahari.

Pikipiki ikasafisha koo. "Sharti la abiria. Siti yenye nailoni haina mtu. Atakayeikalia atateleza, na akiteleza mimi sitamhesabu kwamba alipanda."

"Basi iondoeni," akasema Tusajigwe.

Na mimi nikasita. Naliandika hili kama lilivyokuwa. Mke wangu amesimama pembeni yangu, hatua moja, baada ya masika mawili, na mimi nafikiria kwamba siti itaingia vumbi. Nikasema labda tuifungue tukishafika nyumbani. Nikasema labda atandike kanga juu ya nailoni.

Tusajigwe hakukasirika. Angekasirika ningefurahi. Alisema tu, kwa upole, "Haya, Baba Lusajo. Hata hivyo mimi nimeshazoea." Nikasikia ndala zake zikirudi kwenye kamba ya nguo.

Hapo nikashikwa na woga ambao sijawahi kuupata hata siku moja. Nikapeleka mkono nyuma bila kutazama, nikapapasa, nikapata kona ya nailoni, nikavuta. Ilikuwa imeshonewa ndani. Nikavuta kwa kucha, nikavuta kwa nguvu zote za mwili, na ikaanza kuchanika, ikachanika kwa sauti ndefu isiyoisha, mpaka nikasikia makochi kule Tukuyu yanashusha pumzi. Niliitupa. Upepo wa Dodoma ukaichukua, ikapaa juu ya mapaa ya wauguzi, ikaenda zake.

"Haina tena!" nikapiga kelele. "Mama Lusajo, haina! Njoo ukae itoboke, ichafuke, sijali! Nimekumiss mpaka najisikia vibaya!"

Kimya. Sikusikia ndala. Sikusikia kitu.

Nikaiuliza pikipiki kama amepanda.

"Uzito haujabadilika," ikasema. "Ulikuja naye, unaondoka naye."

"Hilo si jibu."

"Mimi ni nyepesi, mwalimu. Sijui mambo mazito."

Tukaondoka, kwa sababu ilianza kuondoka yenyewe. Sikuweza kugeuka. Nusu ya nyuma haikuwa yangu. Nikavitazama vioo vya pembeni, vyote viwili, na ndani yake nikaona kamba ya nguo, gauni jeupe, mlango uliofungwa. Nikaviuliza mbona havinionyeshi mtu aliyeko kwenye siti.

"Sisi tunaonyesha vilivyobaki nyuma," kikasema cha kushoto.

"Aliyepanda hajabaki nyuma," kikamalizia cha kulia.

"Na asiyepanda?"

"Huyo tungekuonyesha."

"Mbona simwoni?"

"Labda ameingia ndani."

Vioo vya namna hii vinafaa kuvunjwa. Nikaendesha.

Karibu na bwawa la Mtera, askari wa usalama barabarani ananisimamisha. Amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, sare imenyooka, kofia nyeupe safi.

"Mwalimu, mmepakizana."

"Afande, mimi sioni mtu."

"Sikukuuliza unaona nini. Mama amekaa upande."

"Upande gani, afande?"

"Wa kulia."

Nilitaka kushuka nimkumbatie pale pale majini. Wanawake wote ninaowajua, wakipanda pikipiki wamevaa kitenge, hukaa wameelekeza miguu kushoto, mbali na magari. Tusajigwe peke yake hukaa kulia. Tangu tuko wachumba. Ukimuuliza, anasema anataka amwone kwa macho yake anayekuja kumgonga.

"Mwambie asogeze mguu," askari akasema.

"Asogeze wapi?"

"Pita, pita, unazuia ng'ombe." Na kweli nyuma yangu kulikuwa na ng'ombe wengi waliopanga foleni, kila mmoja na indiketa yake.

Nikapita. Baada ya bwawa kuna mteremko ambao haupo, mimi nafundisha Jiografia na ninawaambia haupo, na tukaanza kuushuka. Pikipiki ikazidi kuwa nyepesi. Matairi yakawa yanagusa lami kwa adabu tu. Upepo ukanijaa masikioni. Nilijua nina nafasi moja.

"Tusajigwe!" Sijamwita kwa jina lake tangu Lusajo azaliwe. "Umeshazoea kweli?"

Upepo.

"Nauliza, umeshazoea kukaa bila mimi?"

Upepo tu. Nikangoja. Sikusikia ndiyo, sikusikia hapana, sikusikia hata kile kicheko cha puani. Mgongo wangu ulikuwa na baridi mahali ambapo mtu akikaa huwa pana joto. Nikaanza kulia ndani ya helmeti, kioo kikapata ukungu, barabara ikapotea, na pikipiki ikasema kwa sauti yake ya uji, "Mimi naishia hapa, mwalimu."

Nikaamka.

Kumekucha. Mvua ya Tukuyu iko juu ya bati kama kawaida yake. Upande wa pili wa kitanda umetandikwa vizuri, kama kawaida yake pia. Nikalala pale nikijiona mjinga, mtu mzima na machozi kwenye mto, kwa ajili ya pikipiki ya ndotoni.

Simu ikaita. Alikuwa yeye. Huwa hanipigii asubuhi, asubuhi ni ya wagonjwa.

"Umeamkaje, Baba Lusajo?"

"Salama. Kuna nini?"

"Nimeungua."

Nikaketi. "Umeungua wapi? Na nini?"

"Kwenye shavu la mguu. Si sana. Alama ndefu kama kidole, imeanza kufanya lengelenge. Natafuta asali hapa nipake."

"Umeungulia jikoni?"

"Jiko sijaliwasha tangu juzi, nilikuwa zamu. Nimelala mzima, nimeamka hivi."

"Hukupanda boda jana?"

"Sijapanda boda mwezi huu."

Nikamuuliza ni mguu upi. Akasema wa kulia. Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake ya wodini isiyopanda wala kushuka, "Baba Lusajo, mimi nimefunga vidonda vya bomba la ekzosi vingi kuliko chaki ulizoshika. Hii ni ekzosi."

Nikashuka kitandani. Mvua ndiyo iliyomjibu.

"Upo?"

"Nipo."

"Halafu kule mteremkoni ulikuwa unaniuliza kitu. Upepo ulikuwa mwingi, sikusikia vizuri."

Nikashika simu kwa mikono miwili. Sauti ilinitoka nyembamba, si ya kiualimu hata kidogo. "Nilikuuliza kama umeshazoea."

Nikasikia kifuniko cha chupa kinafunguliwa, nikasikia anavuta hewa kwa meno asali ilipogusa kidonda.

"Wewe naye," akasema. "Ningekuwa nimezoea, ningepanda?"